THINA INANUKA, SERIKALI IMEZIBA PUA

Fundi wa Sumbawanga anayechonga vitanda na makabati huonana na Serikali mara nyingi kwa mwaka. Huonana nayo kwenye leseni, kwenye kodi, kwenye ushuru wa takataka na kwenye michango ambayo risiti yake hutafutwa kwa tochi. Siku asiyoiona ni ile ya kuulizwa: hii chupa ya maji ya kunywa iliyojaa thina, pembeni ya jiko la mkaa, inafanya nini hapa?

Tuseme wazi, maana wapo wanaodhani thina ni maji yenye harufu. Thina nyingi ni mchanganyiko wa toluini, asetoni na jamaa zao. Mvuke wa asetoni unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na wa toluini kuanzia nyuzi 4. Kwa hiyo baridi ya Ufipa haimlindi mtu. Inamponza. Mji uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai fundi hufunga mlango, huwasha mkaa, kisha hupiga vanishi ili kabati la mteja liwe tayari asubuhi.

Kinachowaka si yale maji bali mvuke wake, nao ni mzito kuliko hewa: wa asetoni mara mbili, wa toluini mara tatu. Haupandi darini. Unatambaa sakafuni kama nyoka hadi kwenye jiko, au kwenye cheche ya mashine ya kuranda, halafu moto unarudi mbio kwenye chupa na kwenye mkono uliyoishika. Anayekimbilia ndoo ya maji anaongeza balaa, kwa sababu toluini huelea juu ya maji na kusafiri ikiwaka. Hapo unatakiwa mchanga mkavu au mtungi wa unga, na mlango uliokuwa wazi tangu mwanzo.

Hata pasipo moto, kuna sumu. Kijana anayepuliza rangi ya gari kutwa kwenye chumba kisicho na dirisha, jioni kichwa kinamgonga na anapepesuka kama mlevi. Ataambiwa amerogwa! Mji wetu umeshazushiwa uchawi vya kutosha, jamani. Huo ni mvuke aliouvuta ukaingia kwenye damu.

Sasa twende kwa wakubwa. Sheria wanazo. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5, na Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14. Kemikali ya hatari inatakiwa kuwa na lebo. Ukipenda kucheka, ingia dukani uombe thina ya kupima, uone lebo utakayopewa: ni ya kampuni ya maji!

Watatujibu kwamba wananchi ni wakaidi. Wimbo huo tunaujua. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka watu wakichota petroli, na zaidi ya 100 wakafa. Zikatangazwa siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na wapo waliosimama kuwasimanga marehemu kwa tamaa yao. Wachache waliuliza ni nani aliyewahi kumfundisha kijana wa bodaboda kwamba mvuke wa petroli hauhitaji kiberiti chake, cheche yoyote ya jirani inautosha.

Na ukaidi gani huo kwa Wafipa? Wazee wetu walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, wakayeyusha chuma bila mhandisi kutoka Ulaya. Waliujua moto wao kwa sababu walifundishana. Huu wa kwenye chupa umeletwa na lori, na aliyeuleta hakusema kitu.

Tunachodai si hisani. Kila anayelipia leseni ya karakana apewe mafunzo ya siku moja, kwa Kiswahili, ndani ya ada hiyohiyo. Duka linalouza thina kwenye chupa za maji lifuatwe kwanza, kabla ya fundi. Mkaguzi afike Laela, Matai na Namanyere, asiishie kwenye ofisi zenye viyoyozi mjini.

Na waheshimiwa wa mkoa watujibu kwa maandishi, tutachapisha jibu lao neno kwa neno: mwaka uliopita mlikagua karakana ngapi Sumbawanga, na katika hizo, ni ngapi mlizoacha na mtungi wa kuzimia moto badala ya kuziachia risiti?