Reines hakumngoja Masihi Uasin Gishu

Ndugu mwandishi, umeutia Uzayuni wote wa kidini katika kapu la Rabi Kook, na hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Rabi Yitzchak Yaakov Reines alianzisha Mizrachi, harakati ya Wazayuni wa kidini, mwaka 1902 akisisitiza kuwa harakati hiyo haihusiani na ujio wa Masihi. Kwake, kazi ya Mizrachi ilikuwa kuwatafutia Wayahudi wanaoteswa mahali salama. Ndiyo maana mwaka 1903, Uingereza ilipopendekeza kuwapa ardhi ya Uasin Gishu (watu wauita mpango wa Uganda, ingawa leo ni Kenya), yeye na wenzake wengi waliuunga mkono kwa kura. Anayeamini kwamba ukombozi unaanzia katika udongo wa Yerusalemu angewezaje kupiga kura hiyo?

Abraham Isaac Kook ndiye aliyegeuza mambo. Kwake, hata vijana walowezi wasioshika Sabato walikuwa wakitimiza kazi ya Mungu pasipo kujua. Ni fikra pana, naiheshimu. Lakini alifariki 1935, kabla dola ya Israeli haijazaliwa. Baada ya vita vya 1967, mwanawe Zvi Yehuda na wanafunzi wake wa chuo cha dini cha Merkaz HaRav ndio walioifunga fikra hiyo kwenye ramani, na 1974 ikaundwa harakati ya Gush Emunim kusukuma makazi Ukingo wa Magharibi. Wapalestina wanaoishi huko wameilipia tafsiri hiyo kwa ardhi yao, nawe hukuwataja popote.

Tafadhali, ukiendelea na mada hii, mlete pia Yeshayahu Leibowitz, Myahudi mshika dini aliyeona kuipa dola utakatifu ni kuabudu sanamu.