Kabla ya Kumlaani Assia Djebar



Likitajwa jina la Assia Djebar, mwandishi wa riwaya na mtengenezaji filamu wa Algeria aliyetetea haki za wanawake, wapo miongoni mwetu wasemao upesi: "Huyo si wetu, ni wa Wafaransa." Ukiwauliza ni kitabu chake gani walichokisoma, hawana jibu. Je, huo ndio uadilifu? Dini yetu imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwahukumu watu.

Haya, na tuhakikishe. Alizaliwa mwaka 1936 mjini Cherchell, akaitwa Fatima-Zohra Imalayen. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyempeleka shule. Mwaka 1955 aliingia chuo kikubwa cha Sèvres, Ufaransa. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Algeria waligoma kwa ajili ya uhuru wa nchi yao, naye akagoma pamoja nao, mitihani akaiacha. Na mwaka 2006, alipopokewa katika Akademia ya Ufaransa, alisimama mbele ya wakubwa wale akalitaja jeraha la ukoloni. Huyo ndiye "wa Wafaransa"!

Baada ya mwaka 1967 alikaa miaka mingi bila ya kutoa riwaya. Alichukua kamera akaenda mlima Chenoua, kwa watu wa mama yake, akawasikiliza wanawake wa shamba wakisimulia mateso ya vita vilivyokwisha mwaka 1962. Filamu hiyo, La Nouba des femmes du mont Chenoua, ilipata tuzo ya wahakiki huko Venice mwaka 1979. Mabibi wale walikuwa na habari zao vifuani miaka yote hiyo. Ni wangapi waliokwenda kuwauliza?

Mwaka 1991 alitoa Loin de Médine, yaani "Mbali na Madina", juu ya wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) na za baada ya kufariki kwake. Alivisoma vitabu vya Ibn Hisham, Ibn Saad na Tabari, na palipokuwa kimya akajaza kwa fikra zake. Hapa nasema wazi: simuungi mkono. Nyumba ya Mtume si uwanja wa kubuni. Ingawa mwenyewe alikiita kitabu hicho riwaya, msomaji asiye na elimu atachanganya yaliyopokewa na yaliyotungwa.

Lakini, ndugu yangu, kwa nini hana elimu? Ibn Saad alitenga sehemu nzima ya kitabu chake kwa ajili ya wanawake, na kitabu hicho kina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Bibi Aisha (r.a.) amepokewa hadithi zaidi ya elfu mbili, na Masahaba wakubwa walimwendea kumwuliza. Sisi tumewafundisha nini binti zetu juu ya hayo? Tukipanda mimbari, mara ngapi tunamtaja mwanamke ila kwa vazi lake na utiifu wake? Aliyekifukia kisima chake asimlaumu mwenye kiu akinywa kwa jirani.

Na wale wanaomfanya Djebar kuwa hoja ya kwamba Uislamu ndio uliomziba mwanamke mdomo, nao pia hawakumsoma. Wanawake mashujaa wa kitabu kile hawakutoka Paris, wametoka Madina.

Alifariki Paris mwaka 2015, akazikwa kwao Cherchell. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Yetu sisi bado iko wazi. Leo usiku mwite binti yako, umwambie akutajie wanawake watano wa Madina na kazi waliyoifanya. Akishindwa, usimlaani mtu wa Algeria. Keti chini umfundishe, na kama wewe pia huwajui, someni pamoja.

Wabillahi tawfiq.