Mwacheni Dada Yetu Aende Akapasuliwe



Tangu habari itoke kwamba mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku ameamua kwenda kupasuliwa tumbo ili apunguze uzito, mazungumzo mengine yamekwisha. Langoni pa kiwanda ni hayo, kituo cha basi ni hayo. Hata katika kikao chetu cha Jumapili hapa Mutanga Sud, ambapo ajenda ilikuwa mishahara iliyochelewa, saa nzima ililiwa na tumbo la mtu, na mwenyewe amekaa pale pale anasikia. Waliosema ni marafiki zake, na hatudai kwamba wana nia mbaya. Lakini walisema mengi, na kwa kuwa yeye ametuomba tumjibie, na amekubali tuandike bila kumtaja jina, tunajibu.

Kwanza ijulikane tunazungumza juu ya nini. Dada huyu ana kilo 118 na urefu wa mita 1.60. Waganga wana hesabu yao: kilo zinagawanywa kwa urefu, kisha jibu linagawanywa tena kwa urefu. Kwake inatoka 46. Mwaka 1991 wataalamu waliokutana Marekani waliafikiana kwamba mtu aliyefika 40 anaweza kufikiriwa kwa upasuaji, na aliyefika 35 pia ikiwa ana ugonjwa mkubwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa kazi hiyo viliteremsha mpaka: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. Yeye ana 46, ana sukari, ana presha, na kupanda ngazi za ghala humchukua dakika kumi. Huyo hakuamka asubuhi moja akatamani kuvaa gauni jembamba.

Upasuaji wenyewe hauchoti mafuta, kama wengine walivyodhani. Madaktari wanapitisha vyombo katika matundu madogo, wanakata robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kinachobaki kina umbo la ndizi. Anayepasuliwa anashiba kwa chakula kidogo. Tena sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya kuamsha njaa, kwa hiyo njaa nayo hupungua. Sukari kwa wengi hushuka upesi, wengine huacha vidonge kwa miaka.

Sasa tuje kwa maneno ya kikao. La kwanza lilikuwa lile lile la siku zote: «Si ule kidogo tu?» Waliosema hivyo hawajui ni mara ngapi amefanya hivyo. Kuna mwaka alishinda kwa kabichi na chai isiyo na sukari, akapungua kilo 14, na kabla ya mwaka kwisha kilo zikarudi zikaleta na wageni. Huu si uvivu. Mwaka 2016 wachunguzi wa Marekani walitangaza habari za watu 14 walioshindana kwenye televisheni kupunguza uzito kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Miaka 6 baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, na miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwili ukiona chakula kimepungua hufanya kama tajiri wa kiwanda aliyeona faida imeshuka: unabana matumizi kila idara, na huachi kubana hata mambo yakirudi kuwa mazuri. Sisi wa chama tunaijua tabia hiyo.

La pili lilisemwa kwa sauti ya chini: «Ukikonda ghafla, watasema una ukimwi.» Hatucheki. Wenye umri wetu tunakumbuka. Uganda ugonjwa ule ulipoingia wananchi waliuita Slim, yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la kitabibu la Uingereza. Hapa Bujumbura tumezika watu waliokonda hivyo, na ndiyo sababu mpaka leo tukimwona mtu ana kitambi tunamwambia mambo yake ni mazuri. Lakini mtu hawezi kubaki na sukari inayomla macho na figo kwa kuogopa midomo ya kituo cha basi. Wakisema, waambieni. Mnajua alikokwenda.

Neno zito kuliko yote lilitoka kwa mzee mmoja wa mashamba ya chai, mtu tunayemheshimu. Alisimama polepole akasema: «Wanangu, katika nchi ambamo watoto wanalala na njaa, mtu anakwenda kukatwa tumbo kwa kuwa amekula sana?» Kikao kilinyamaza.

Mzee hakusema uongo juu ya njaa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini mzee anafikiri njaa na unene ni nyumba mbili zisizosalimiana, na hapo, kwa heshima zote, hatukubaliani naye. Wakati wa vita vikuu vya pili, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani waliwafungia Waholanzi njia za chakula, watu wakala mpaka mizizi ya maua. Mwaka 1976 wachunguzi walitoa hesabu ya vijana wanaume 300,000 wa nchi ile waliopimwa walipoitwa jeshini wakiwa na miaka 19. Wale ambao mama zao walikutwa na njaa mimba ikiwa bado changa ndio waliotoa wanene wengi zaidi. Mwili uliofundishwa njaa mapema hujifunza kuweka akiba.

Dada yetu alizaliwa 1994. Mama yake alikuwa amekimbia kilima chake na mimba tumboni, miezi ile baada ya Oktoba 1993 ambayo kila msomaji hapa anaijua. Hatuwezi kuapa kwamba kilo zake zimetoka huko. Tunasema tu kwamba anayemtazama na kuona mtu aliyekula sana hajamwona vizuri.

Halafu kuna kazi. Miaka 12 amekuwa zamu ya usiku. Saa nane za usiku langoni panauzwa nini? Mandazi, viazi vilivyokaangwa kwa mawese, soda. Nani kati yetu amewahi kuona mtu anauza maharage na lengalenga saa hiyo? Mtu anatoka saa kumi na mbili asubuhi, analala mchana kwenye joto na kelele za watoto, anaamka amechoka, anarudi. Waganga wamekwisha kuona kwamba kazi ya usiku ya miaka mingi inaongeza unene na sukari. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi wa usiku akiomba ana haki ya kupimwa afya bila malipo. Nchi nyingi hazijauridhia. Sisi tungependa kikao kilichotumia saa nzima juu ya tumbo la dada huyu kitumie saa nyingine juu ya mkataba huo.

«Utakufa mezani.» Hofu hii ni ya haki. Damu inaweza kutoka nyingi, mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda miguuni. Katika uchunguzi wa hospitali za Marekani uliotolewa 2009, wagonjwa kama 3 kwa kila 1,000 walikufa ndani ya siku 30. Lakini kukaa vilevile nako kuna hesabu yake. Waswidi walianza mwaka 1987 kufuatilia makundi mawili ya watu wanene sana. Waliopasuliwa walikuwa 2,010, na baada ya miaka kama 11 walikuwa wamekufa 101. Wasiopasuliwa walikuwa 2,037, wakafa 129.

Kuna aliyeuliza kuhusu sindano mpya za kila wiki. Zinafanya kazi, ndiyo, lakini ukiziacha kilo hurudi, na bei yake kwa mshahara wetu tusiizungumze.

Kuhusu fedha, mtu asidanganywe: mfuko wetu wa kusaidiana haulipi upasuaji. Dada anatumia akiba yake na fedha za kiwanja alichouziana na kaka yake. Watumishi wa serikali wana Mutuelle yao tangu 1980. Sisi wa viwandani na mashambani wengi tunategemea huruma ya tajiri au mchango wa jirani. Anayeona uchungu kwamba tiba hii ni ya wenye nacho, uchungu wake ni wetu, ila aupeleke kwenye meza ya mapatano na wenye kazi. Asimwekee mgonjwa.

Swali moja la marafiki tumeliona la maana kuliko yote, na liliulizwa na rafiki yake wa utotoni: «Vidonge utavipata wapi mwaka wa tano?» Maana baada ya upasuaji vitamini B12, madini ya chuma na kalisi ni vya maisha, pamoja na kupima damu kila mwaka. Asiyevimeza anaweza kuishiwa damu au kuharibika neva. Tena inashauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, jambo ambalo mumewe amelikubali na mama mkwe bado. Dada amefanya bajeti ya vidonge vya miaka miwili. Wa tatu hajui. Maswali ya namna hii tunayataka, kwa sababu yanaweza kutafutiwa jibu.

Anakwenda Dar es Salaam, ambako hospitali ya Mloganzila ya Muhimbili imekuwa ikifanya kazi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ni basi la Kobero, zaidi ya kilomita 1,000. Kurudi kwa basi kabla daktari hajaruhusu ni hatari, kwa ile damu ya kuganda tuliyoitaja, kwa hiyo atapanga chumba huko wiki kadhaa na lazima awe na mtu. Tawi limekubali nauli ya mtu huyo. Mwezi wa kwanza atakunywa uji mwepesi na vyakula vilivyopondwa, na kwa wiki 6 hivi hatainua mzigo. Barua ya kuomba apewe kazi nyepesi atakaporudi iko ofisini kwa mwajiri. Tumeipeleka, haijajibiwa, na mjumbe atairudia Jumatatu.

Zamu zake za usiku wamezichukua akina mama wawili. Anatakiwa wa tatu kwa usiku wa Alhamisi. Anayeweza ajiandikishe kwa katibu kabla ya Ijumaa.