Duara Katika Sahani Si Tiba

Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na Masasi chini yake, mkorosho ni mali. Ni dawa pia: sehemu nyingi unakostawi, magome yake huchemshwa kwa maji ili kutibu kuhara. Aidha, mafuta ya ganda la korosho, yale yaunguzayo vidole vya wabanguaji, yana asidi anakadi, ambayo huwazuia bakteria kama Stafilokoko, lakini hufifia mbele ya Eskerishia wa utumbo. Hata hivyo, sifa ya ganda si sifa ya magome. Hapana budi kila kimoja kipimwe.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Bakteria hupandwa katika sahani ya agari, kishimo hutobolewa, nacho hutiwa dawa. Kesho yake, duara angavu huonyesha mahali ambapo bakteria hawakuota. Wengi hushangilia hapo, nao hukosea. Huenda ethanoli iliyoyeyushia dawa ndiyo iliyoua. Kwa hiyo kishimo cha pili kitiwe ethanoli tupu, na cha tatu kiuavijasumu kinachojulikana. Tena, apimaye kwa ethanoli pekee hakuipima dawa ya mganga achemshaye kwa maji. Na sahani haina ini wala figo za kudhurika.

Tangu mwaka 1974 dawa za asili zimekuwa zikichunguzwa Muhimbili. Mganga asidharauliwe, wala asisifiwe bure. Apimwe kwa haki. Basi walimu na wafundishe kwanza kishimo cha ethanoli tupu, ndipo wafundishe duara.