Chupa za Omurushaka na Moto wa Umeme

Juma lililopita vijana wawili wenye mashine ya kuchomelea hapa Omurushaka walinijia ofisini. "Bwana Karani, tuandikie barua ya mkopo." Wataka kuokota chupa zilizovunjika, zile zinazowakata watoto miguu migombani, waziyeyushe kwa mashine yao na kutengeneza bilauri. Niliwaomba wangoje nisome kwanza. Leo nawajibu mbele yenu nyote.

Kwanza, wazo lao si la kipumbavu. Ule mwanga mkali wa mashine ni hewa iliyopitiwa na umeme hata chembe zake zikapasuka, kama katika radi. Wataalamu huuita plazima, na joto lake lapita digrii 5,000. Bati, ambalo madini yake huchimbwa kwetu Kyerwa, huyeyuka kwa digrii 232. Mchanga, magadi na chokaa vya kufanyia kioo vyataka kama 1,500.

Tena iko sababu ya kuutafuta moto huu. Tanuru kubwa ya kioo haizimwi usiku wala mchana, pengine miaka kumi na zaidi, maana ikipoa kioo hugandia ndani na matofali hupasuka. Basi huchoma gesi au mafuta hata siku isiyo na wanunuzi, na joto jingi hupotelea kwenye bomba la moshi na kutani. Kwa hesabu tupu, kilo moja ya kioo yataka kama robo tatu ya uniti ya umeme. Inayozidi hapo ni hasara. Moto wa plazima hupiga juu ya kioo chenyewe, na jioni waweza kuuzima. (Wazee wetu wa Karagwe waliofua chuma nao waliwasha tanuru siku ya kazi tu.) Huko Boulder, Marekani, kampuni ya Plasmelt ilijaribu kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mienge miwili, umeme ukitoka mmoja, ukipita katika kioo kilichoyeyuka, ukirudi kwa mwingine. Taabu moja ya moto huu ni kwamba ncha za mwenge huliwa na joto, na vipande vyake vyaweza kuharibu kioo.

Sasa nyie vijana wangu. Mashine yenu hurusha moto kutoka fimbo hadi chuma. Kioo baridi hakipitishi umeme. Hukubali kikisha kuyeyuka. Chupa ikipigwa joto mahali pamoja hupasuka, na vigae huruka machoni. Hata mkifaulu, bilauri lazima ipozwe polepole ndani ya jiko kwa saa nyingi, ama sivyo itapasuka yenyewe usiku. Na kilo 100 za vigae ni kama uniti 50 pasipo hasara yoyote, jambo lisilowezekana kwa kifaa cha kuundaunda. Nani atalipa?

Barua sijaiandika. Ila viwanda vya chupa huchanganya vigae na mchanga, kwa kuwa vigae huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Nimewaambia waulize kwanza bei kwa kiwanda cha Dar es Salaam, kisha nauli kwa madereva wa malori. Mmoja amekwenda kuuliza. Mwenzake bado amenuna.