Unene si ushibe: tuache kuwahukumu wamama kwa macho

GOMA – Wiki hii, kwenye foleni ya msaada, nilisikia neno ambalo halijanitoka moyoni. Mama mmoja aliyekimbia vita toka Masisi alipokaribia mbele, kijana nyuma yake akasema kwa sauti: «Huyu mnene hivi, njaa gani anayo? Anakula chakula ya watoto.» Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa, akatoka kwenye foleni.

Wasikilizaji wapenzi, kicheko kile ni ujinga, na ujinga huo unaua.

Kule kijijini, mama kama huyu alilima tangu asubuhi, akabeba kuni mgongoni, akala maharagi na lengalenga. Hapa mjini hana shamba. Anakaa siku nzima nyuma ya makala anayouza. Asubuhi ni chai ya sukari na mandazi. Usiku ni fufu, na sombe kidogo kama pesa imepatikana. Ndicho chakula kinachojaza tumbo kwa franga kidogo. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mama mnene na mtoto mwenye utapiamlo. Huo si wizi. Ni umaskini uleule wenye sura mbili.

Na sisi wanaume? Tumbo likitoka, tunaitwa «patron». Tunafurahi. Mimi nilikubali kupimwa: kilo 84, urefu metre 1.68. Gawanya kilo kwa urefu mara mbili, unapata karibu 30. Kuanzia 25 uzito umezidi; kuanzia 30 ni unene wa ugonjwa. Patron gani huyo?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022, katika watu wazima 100 duniani, 43 walikuwa na uzito uliozidi, na 16 kati yao walikuwa wamefika kwenye unene wa ugonjwa. Nyuma yake kunakuja tansio, kisukari na kupooza.

Kuna watakaosema: watu wanakufa kwa risasi na njaa, wewe unatuletea habari ya vitambi? Ndiyo, ninaleta. Tansio haingoji vita iishe. Mwenye kisukari akikimbia usiku, dawa inabaki nyumbani. Na asiyejua kama anaumwa, atajulia njiani, akianguka.

Kwenye vituo vya afya, mizani ni ya watoto na wamama wenye mimba. Tunaomba wakubwa wa afya: kila mtu mzima anayeingia, apimwe kilo, urefu na tansio. Mizani, kamba ya kupimia na dakika tano vinatosha kuanza.

Na wewe uliyecheka kwenye foleni: mwite mama yule arudi. Nafasi yake ilikuwa mbele yako.