Ripoti Iliyoagizwa, Kisha Ikatupwa: Mauaji ya Baja Uingereza

Serikali inapoomba ushauri wa wanasayansi, kisha ikautupa jalalani kwa kuwa haukusema ilichotaka kusikia, anayedhulumiwa si mwanasayansi peke yake. Nachukua mfano wa Uingereza, na mnyama ambaye wengi wetu hatujamwona: baja, jamaa wa nyegere wetu, mwenye uso wa milia myeusi na myeupe, aishiye mashimoni kiukoo na kutoka usiku.

Mwaka 1971 baja aliyekufa akiwa na kifua kikuu cha ng'ombe aliokotwa Gloucestershire. Tangu hapo akawa mshitakiwa. Ili kumaliza ubishi, serikali ilianzisha jaribio kubwa mwaka 1998, na baja wapatao 11,000 waliuawa kwa jina la utafiti. Mwaka 2007 jopo lililoongozwa na John Bourne lilitoa ripoti: ndani ya maeneo ya mauaji maambukizi ya ng'ombe yalipungua kwa takribani robo, lakini katika mashamba jirani yaliongezeka kwa kiasi kama hicho. Ukivunja ukoo wa baja, waliosalia hutangatanga, huvuka mipaka waliyokuwa wakiiheshimu na kubeba vijidudu waendako. Jopo likahitimisha kwamba kuua baja hakuwezi kutoa mchango wa maana katika kudhibiti ugonjwa.

Mwaka 2013 serikali nyingine ikaanza kuua, Gloucestershire na Somerset. Idadi iliyolengwa ilipokosekana, Waziri Owen Paterson aliwalaumu baja kwamba wamehamisha magoli. Natamani ningekuwa natania. Jopo huru lililotathmini msimu huo wa kwanza liliona kwamba upigaji risasi haukufikia vigezo vya ufanisi wala vya kuepusha mateso. Serikali ikaendelea bila jopo. Tangu hapo baja zaidi ya 200,000 wameuawa.

Simdhihaki mfugaji. Makumi ya maelfu ya ng'ombe huchinjwa huko kila mwaka kwa ugonjwa huu, na mtu anayeona kundi alilolirithi kwa baba yake likipakiwa kwenda machinjioni hawezi kuambiwa asubiri. Ndiyo maana nasema ametapeliwa. Kipimo cha ngozi kinachotegemewa huwaacha baadhi ya ng'ombe wagonjwa zizini wakihesabiwa kuwa wazima, nao huuzwa na kusafirishwa. Baada ya janga la ugonjwa wa miguu na midomo la mwaka 2001, mazizi matupu yalijazwa ng'ombe kutoka kwingine, na kifua kikuu kikasafiri nao. Baja hapandi lori.

Watetezi watanionesha utafiti wa mwaka 2024 uliokuta maambukizi yamepungua kwa asilimia 56 kufikia mwaka wa nne wa mauaji. Nimeuona. Katika maeneo yaleyale upimaji wa ng'ombe nao uliimarishwa, na watafiti wenyewe walikiri kwamba hawawezi kutenganisha mchango wa kila hatua. Kwa nini basi sifa yote ipewe bunduki?

Jirani yao Wales, mwaka 2012, iliacha mpango wa kuua na kuanza kuwachanja baja kwa BCG, chanjo ileile iliyotuachia kovu mkononi, ambayo asili yake ni kijidudu cha ng'ombe kilichodhoofishwa. Uingereza ilisubiri hadi Agosti 2024 ndipo serikali mpya ikatangaza kwamba mauaji yatakoma kabla ya bunge hili kumaliza muda wake, yaani mwaka 2029. Leseni zilizokwisha kutolewa ziliachwa ziendelee. Wakati huo ripoti ya Bourne itakuwa na umri wa miaka 22.